Saa Moja Chini ya Jina la Fisher

Anayepeleka kazi yake kwenye mkutano mkubwa wa takwimu kwa kawaida hupewa dakika kumi na tano au ishirini. Huingia kwenye chumba chenye watu wachache, nusu yao wakingoja zamu zao wenyewe, hupitisha slaidi mbiombio, mwenyekiti wa kikao humwonyesha kikaratasi cha kumkumbusha muda, na kazi ya miaka miwili imekwisha. Mhadhara wa mwaliko ni jambo jingine kabisa. Mzungumzaji hakuomba nafasi, ameombwa yeye. Hutengewa karibu saa nzima na ukumbi mkubwa, na watu huja kumsikiliza hata kama hawafanyi kazi kwenye eneo lake. Mihadhara yenye hadhi ya juu zaidi hubeba pia jina la mtu, mara nyingi marehemu. Taasisi ya Takwimu za Kihisabati ina Mihadhara ya Wald, kumbukumbu ya mtakwimu Abraham Wald aliyekufa kwa ajali ya ndege nchini India mwaka 1950. Ina pia Mhadhara wa Neyman na ule wa Rietz.

Kisa hiki ni cha mhadhara wa aina hiyo, uliokaa na jina la mtakwimu Mwingereza Ronald Aylmer Fisher kwa zaidi ya nusu karne, kisha ukavuliwa jina hilo Juni 2020, wiki chache tu kabla ya mzungumzaji wa mwaka huo kupanda jukwaani. Nimekisoma mara nyingi kikisimuliwa kama kesi ya marehemu: je, Fisher ana hatia au hana? Kwa maoni yangu swali hilo limepewa nafasi isiyolistahili. Mtu wa kutazamwa kwanza katika kisa hiki ni yule aliyealikwa.

Mhadhara na mwenye jina

Fisher alifariki Adelaide, Australia, tarehe 29 Julai 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Marais wa Vyama vya Takwimu, inayojulikana kwa kifupi chake COPSS, ilianzisha mhadhara kwa jina lake. Kamati hiyo ni chombo cha pamoja cha Chama cha Takwimu cha Marekani, Chama cha Takwimu cha Kanada, Taasisi ya Takwimu za Kihisabati, na kanda mbili za Amerika ya Kaskazini za jumuiya ya kimataifa ya biometria, yaani takwimu zinazotumika katika biolojia. Mhadhara wa kwanza ulitolewa mwaka 1964 na Maurice Bartlett. Baadaye ukazoeleka kuwa sehemu ya Mikutano ya Pamoja ya Takwimu, yaani JSM, inayofanyika kila Agosti.

Hakuna aliyeshangaa kwa nini jina lilikuwa la Fisher. Mwaka 1918 aliandika makala iliyounganisha kanuni za urithi za Mendel na vipimo vya mfanano kati ya ndugu, na humo akaleta neno varianzi, kipimo cha jinsi takwimu zinavyotawanyika, kama tunavyolitumia leo. Mwaka 1919 aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, akakuta rundo la takwimu za mavuno zilizokusanywa kwa miongo mingi. Ndani ya miaka michache vikatoka uchambuzi wa varianzi, wazo la kugawa mbolea kwenye vishamba kwa nasibu badala ya kufuata jicho la mtafiti, na nadharia ya makadirio ambayo kila mwanafunzi wa takwimu hukutana nayo. Ukimwondoa Fisher kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo, kitabu hicho kitabaki na kurasa chache sana.

Tuzo ilikusudiwa watu ambao kazi zao zimeonyesha umuhimu wa mbinu za takwimu kwa uchunguzi wa kisayansi. Kwa hiyo jina halikuwa pambo. Lilikuwa linasema kazi hii ni ya ukoo gani, na waliosimama pale walilisikia hivyo. Mwaka 1970 alisimama Leonard Savage, mfuasi wa njia ya Bayes, inayoanza na makadirio ya awali kisha kuyarekebisha kwa ushahidi, kambi ambayo Fisher aliipiga vita maisha yake yote. Saa yake aliitumia kueleza alichokiona aliporudi kumsoma Fisher kwa makini, akisifu na kukosoa, bila kuficha ukali wa tabia yake. Savage alifariki mwaka 1971, na mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1976 baada ya mwenzake kuuhariri. Mwaka 1974 akafuata George Box, ambaye alikuwa mkwewe Fisher, akaeleza jinsi sayansi na takwimu zinavyosukumana mbele, akimtolea mfano baba mkwe wake shambani Rothamsted. Maandishi ya mhadhara ule ndiyo yaliyobeba ile kauli kwamba modeli zote zina makosa, kauli ambayo leo inarudiwa na watu wasiojua kwamba ilitokea kwenye hafla ya kumkumbuka mtu fulani. Mwaka 1996 Bradley Efron alijiuliza Fisher atakuwa na nafasi gani katika karne ya 21. Mwaka 2011 Jeff Wu alizungumzia majaribio ya kisayansi baada ya zama za Fisher.

Nimewataja hawa wanne makusudi. Kanuni haikumlazimisha mzungumzaji kumtaja Fisher, wala si wote waliomtaja, lakini mkondo ulielekea huko. Ukipewa saa moja chini ya jina la mtu, ni vigumu kupita mlangoni pake bila kubisha hodi.

Upande mwingine

Mwaka 1911, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, Fisher alishiriki kuanzisha chama cha yujeniki chuoni hapo. Yujeniki lilikuwa fundisho kwamba jamii inapaswa kuboresha kizazi chake kwa kuhimiza wanaodhaniwa kuwa bora wazae zaidi, na wanaodhaniwa kuwa duni wazae kidogo au wasizae kabisa. Kwa Fisher hili halikuwa jambo la ujana lililopita. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1930 kuhusu uteuzi asilia kina sura tano za mwisho zinazohusu jamii ya binadamu, zikilalamika kwamba watu wa tabaka la juu wanazaa kidogo mno, na kupendekeza posho za watoto zinazopanda kulingana na kipato cha mzazi, ili mwenye nacho apate motisha ya kuzaa. Katika miaka hiyohiyo alikuwa kwenye kamati ya Chama cha Yujeniki cha Uingereza iliyotaka sheria iruhusu kufungwa uzazi kwa hiari kwa watu walioitwa wenye kasoro za akili. Neno "hiari" linahitaji kuangaliwa kwa makini linapotumika kwa mtu ambaye papo hapo anaelezwa kuwa hana akili timamu ya kuamua.

Mwaka 1933 alichukua kiti cha Profesa wa Yujeniki cha Galton, chenye jina la Francis Galton aliyebuni neno yujeniki, katika chuo cha University College London, UCL, akimrithi Karl Pearson, mtakwimu na mtetezi mwingine wa yujeniki. Na vita vya pili vya dunia vilipokwisha, ulimwengu ukiwa umeona fundisho la namna hiyo linaweza kufika wapi, hakubadili mawazo. UNESCO ilipoandaa tamko kuhusu dhana ya rangi za watu na kuchapisha maoni ya wataalamu mwaka 1952, Fisher alikuwa miongoni mwa waliopinga. Alishikilia kwamba makundi ya binadamu yanatofautiana sana katika uwezo wa kuzaliwa nao wa akili na hisia.

Hoja ya kwamba "zama zile ndivyo walivyofikiri wote" inaangushwa na mtu mmoja tu, Lionel Penrose. Ndiye aliyekalia kiti kilekile cha Galton mwaka 1945, baada ya Fisher kuhamia Cambridge. Penrose alikuwa daktari aliyefanya kazi miaka mingi na watu wenye ulemavu wa akili, na aliipinga yujeniki waziwazi. Jarida lililokuwa likihaririwa na Fisher, Annals of Eugenics, alilirithi pamoja na kiti, na mwaka 1954 likaanza kuitwa Annals of Human Genetics. Fisher alikuwa hai bado. Mtu wa zama zilezile, chumba kilekile, vitabu vilevile, alitazama jina mlangoni akaona halifai.

Juni 2020

George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Katika wiki zilizofuata, taasisi nyingi za Marekani na Uingereza zilianza kutazama majina yaliyo kwenye kuta zao. Tarehe 19 Juni UCL iliondoa majina ya Galton na Pearson kwenye kumbi na majengo yake. Chuo cha Gonville and Caius, Cambridge, alikosoma Fisher, kiliamua kuondoa dirisha la vioo vya rangi lililowekwa mwaka 1989 kwa heshima yake. Dirisha lile lilikuwa na mraba wa Kilatini wa safu saba kwa saba, rangi saba zikiwa zimepangwa kiasi kwamba hakuna rangi inayojirudia kwenye mstari wala kwenye safu. Lilikuwa zuri sana. Nakiri kwamba katika mambo yote yaliyoondolewa mwaka ule, hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa likionyesha wazo zaidi ya mtu.

Kwa watakwimu mjadala uligeukia mhadhara haraka. Wanataaluma kadhaa waliandika hadharani wakitaka jina libadilishwe, ombi la kukusanya saini likazunguka, na wengine wakajibu kwa uchungu wa kweli kwamba baba wa fani anafukuzwa nyumbani kwake. COPSS ikakusanya maoni. Kabla Juni haijaisha ikatangaza kwamba Tuzo na Mhadhara wa R. A. Fisher vimestaafishwa mara moja, na mahali pake unaanzishwa Tuzo na Mhadhara wa Mafanikio Makubwa wa COPSS. Hakuna jina la mtu lililowekwa badala ya lile lililotoka.

Mzungumzaji wa mwaka huo alikuwa ameshateuliwa. Ni Kathryn Roeder wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mtakwimu wa jenetiki, anayejulikana hasa kwa kazi ya kutafuta jeni zinazohusiana na usonji. JSM ya mwaka ule ilipangwa kufanyika Philadelphia, lakini korona ikaipeleka mtandaoni. Akatoa mhadhara wake Agosti chini ya jina jipya.

Nani anabeba jina

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu mabishano mengi yalipita hapa bila kusimama.

Mtazame Roeder katika wiki ya kwanza ya Juni. Fani yake, takwimu za jenetiki, imejengwa juu ya ile makala ya 1918. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema "huyu ni babu yangu wa kitaaluma", ni yeye. Wakati huohuo anafanya kazi kuhusu hali ya watoto ambao, katika lugha ya kamati za miaka ya 1930, wengi wao wangewekwa kwenye kundi la wasiostahili kuzaa. Sizungumzi kwa niaba yake. Nasema tu kwamba jina lile mbele ya kazi ile lingemlazimisha mzungumzaji yeyote achague moja kati ya mambo matatu: kulinyamazia, kulisifu, au kutumia sehemu ya saa yake, ambayo ni heshima ya maisha yake yote, kumjibu marehemu. Na kukataa mwaliko si njia halisi ya kutokea. Anayekataa hupoteza saa yake, na jina linabaki palepale kumsubiri mwingine mwakani.

Wanaosema "mtenganishe mtu na kazi yake" wana hoja nzuri, nami nakubaliana nayo. Lakini ukiifuata hadi mwisho inaishia upande wa kubadilisha jina. Kazi ya Fisher imo kwenye kila jaribio la dawa linalogawa wagonjwa kwa nasibu, kwenye kila jedwali la varianzi, na hakuna kamati inayoweza kuitoa humo. Kinachowekwa juu ya mhadhara ni mtu. Jina la heshima ndilo hasa mahali ambapo mtu na kazi havitenganishwi, kwa sababu heshima hupewa mtu mzima. Anayetaka kuheshimu ugawaji wa nasibu peke yake anaweza kuanzisha mhadhara wa ugawaji wa nasibu.

Hoja nyingine ya watetezi ni nzito zaidi na haistahili kupuuzwa. Walikumbusha kwamba Fisher alikuwa rafiki wa miaka mingi wa mtakwimu wa India Mahalanobis, alikwenda mara kadhaa kwenye taasisi ya takwimu ya Kolkata, na alimsimamia Mhindi mwingine, C. R. Rao, katika shahada yake ya uzamivu Cambridge. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi, akiwemo Walter Bodmer aliyekuwa mwanafunzi wake, walichapisha makala ndefu kwenye jarida la Heredity wakieleza kwamba Fisher anasingiziwa chuki ambayo hakuwa nayo. Nimeisoma makala hiyo kwa heshima. Inaonyesha mtu mwenye sura nyingi, aliyewatendea wema wanafunzi waliotoka mbali. Haionyeshi kwamba hakuandika alichokiandika. Na hata tukikubali tafsiri yao yote, bado tumebaki kwenye kesi ya marehemu. Mwalikwa anayesimama jukwaani hana dakika arobaini za kuwasomea wasikilizaji utetezi huo.

Upo pia woga wa mteremko: leo Fisher, kesho nani? Woga huu ungekuwa na nguvu kama COPSS ingekuwa imefagia kila aliyegusana na historia ile. Haikufanya hivyo. Tangu 2001 kuna tuzo yenye jina la F. N. David, mwanamke aliyeanza kazi UCL akiwa msaidizi wa Karl Pearson mwenyewe. Tuzo hiyo ilibaki. Tuzo ya Elizabeth Scott, aliyepigania usawa wa mishahara ya wanawake vyuoni, nayo ipo tangu 1992. Mpaka unaonekana: kufanya kazi karibu na fundisho si sawa na kulihubiri miaka arobaini.

Mahali ninapoona COPSS ilikosea ni kwenye muda, na simaanishi haraka ya Juni 2020. Haraka ile ilikuwa ya lazima, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliye hai ambaye Agosti ingemkuta. Ninachokilaumu ni miaka 56 iliyotangulia. Yote yaliyosemwa kuhusu Fisher mwaka 2020 yalikuwa yamechapishwa kabla mhadhara haujaanzishwa. Kitabu kilitoka 1930. Maoni ya UNESCO yalitoka 1952. Mfano wa Penrose ulikuwa wa mwaka 1954, miaka tisa kabla ya COPSS kuchagua jina. Hakuna kumbukumbu mpya iliyofukuliwa. Kilichobadilika ni kwamba watu waliokuwa wakiumizwa na jina lile waliongezeka kwenye ukumbi na wakapata ujasiri wa kusema. Fani inayojisifu kwa kusoma ushahidi iliuacha ushahidi huu kwenye rafu hadi kifo cha mtu kikaulazimisha ushuke.

Kuhusu jina jipya, nimewasikia wanaolalamika kwamba halina ladha. Ni kweli, linasomeka kama kichwa cha fomu. Lakini lina wema wake: halimwambii mwalikwa yeye ni mjukuu wa nani. Nancy Reid alisimama chini yake mwaka 2022, Bin Yu mwaka 2023, na saa ikawa yao yote.

Kwa kamati yoyote yenye mhadhara wenye jina, kisa hiki kinaacha kazi ya kufanya kabla ya barua ya mwaliko kutumwa. Jina lipewe muda, tuseme miaka kumi, kisha lijadiliwe upya kama kamati inavyojadili bajeti yake, bila kungoja moto. Katika mjadala huo wasomewe maandishi ya mwenye jina, hata yale yasiyohusu takwimu. Na watu watakaoulizwa kwanza wawe wale waliokwisha kusimama pale, kwa sababu ndio pekee wanaojua lile jina lilikuwa na uzito gani mabegani walipokuwa wakiandaa slaidi ya kwanza.

Kwenye maktaba zenye majuzuu ya zamani, jarida la Penrose na lile la Fisher hukaa rafu moja, maana ni jarida moja. Nyuma ya majuzuu, maandishi yanabadilika ukifika 1954. Makala ya Fisher ya mwaka 1936 kuhusu kutofautisha maua ya irisi kwa vipimo vya petali na sepali, vilivyokusanywa na Edgar Anderson, bado imo kwenye juzuu lenye jina la zamani, na wanafunzi bado wanaitafuta.